Taarifa ya Mwenyekiti wa Kwaya kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Mchungaji, mlezi wa kwaya, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzangu: Bwana Yesu asifiwe!

Mwaka huu tumeimba ibada zote tulizopangiwa, harusi sita, misiba mingi kuliko tulivyopenda, sikukuu ya mavuno, na ziara ya Kyela ambayo kila aliyepanda lile basi anaikumbuka. Sare zimeshonwa. Hayo mnayajua.

Nije kwenye Pasaka, maana ndiyo iliyozua maneno mpaka sokoni.

Tarehe 20 Aprili tuliimba alfajiri makaburini bila kinanda na bila spika. Shilingi 550,000 zilizotengwa kukodi vyombo na jenereta zilikwenda kwa fundi, zikafufua tarumbeta nne za ushirika wetu wa kanisa zilizokuwa zimelala stoo. Imesemwa kwamba mwenyekiti hapendi vijana, kwamba anaturudisha enzi za Wajerumani, kwamba aliamua peke yake sebuleni kwake. Kamati ilikaa. Akidi ilitimia, kwa shida lakini ilitimia, na kumbukumbu anazo katibu. Waliolalamika sana baadaye ndio hao hao ambao viti vyao vilikuwa vitupu siku ya kikao.

Tuanze na mvua. Hapa ni Tukuyu, siyo Dodoma. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi sana nchini, na Aprili ni masika yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umelala juu ya migomba, nyaya za umeme zimepita kwenye majani mabichi, jenereta linanguruma kuliko besi zote. Mwaka juzi tulikifunika kinanda kwa turubai, mpigaji akawa ndani, waimbaji nje, kila upande na mwendo wake. Hilo halikuandikiwa malalamiko na mtu yeyote.

Tena sisi ni Wamoravian. Ibada hii ya alfajiri ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na walioianzisha walikuwa vijana: walikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza wakaimba ufufuo. Huku Rungwe kanisa letu lipo tangu 1891. Katika liturjia ya asubuhi ile tunawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, na safari hii walikuwamo wawili wa sauti ya nne. Mchungaji alipotamka "Bwana amefufuka" na watu wakajibu "Amefufuka kweli kweli", tarumbeta zikapokea, watu wa ng'ambo ya bonde wakatoka nje kusikiliza. Spika gani ya kukodi ingefanya hivyo? Fundi nilimfuata mimi mwenyewe Mbeya mjini, kwa nauli yangu, na sijaidai. Akina mama waliotuletea chai na ndizi kwenye baridi ile, ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Wapo pia waliosema Haleluya ya Handel, aliyotuchagulia mwalimu wa kwaya kwa Pasaka, ni ya Krismasi. Imo katika "Masihi", utungo mrefu wa kwaya na ala, ulioimbwa mara ya kwanza Dublin, 13 Aprili 1742. Aprili, siyo Desemba. Na Haleluya yenyewe imewekwa baada ya mateso na ufufuo, maneno yake yametoka Ufunuo. Mwalimu alikuwa sahihi, mwacheni.

Mahudhurio. Kwenye daftari tuko 46. Mazoezi ya Jumanne na Alhamisi tukifika ishirini tunamshukuru Mungu. Lakini ibada ya saa nne siku ya Pasaka zilisimama sare zaidi ya arobaini, nyingine zikiimba sauti ambayo haijatungwa bado. Wanakwaya watatu wa sauti ya tatu wametuhama kwa sababu ya kinanda. Tunawatakia heri. Nao wana madeni ya ada.

Fedha: mapato yote 2,380,000, matumizi 2,215,000, baki 165,000. Katika mapato hayo ada ni 454,000 tu, wakati zilipaswa kuwa 1,104,000. Waliomaliza ni kumi na mmoja, nami nikiwamo. Tukidai tunajibiwa "nikiuza parachichi." Parachichi zinauzwa, ndugu zangu. Malori tunayaona.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kurekodi albamu, kutembelea wenzetu Iringa, na panapo uwezo kununua kinanda chetu wenyewe, kwa hiyo wanaosema nakichukia watulie. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili, mapema kuliko ya mwaka huu, na Kwaresima inaanza 18 Februari. Anayetaka kusimama makaburini aonekane mazoezini kuanzia Januari.

Risiti za fundi wa tarumbeta ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kuziona aje na kadi yake ya ada.