Shoga, kuhusu wale wezi wako

Hobart, Jumapili

Shoga Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baridi tu inanimaliza. Najua umeninunia tangu tulipogombana kwenye simu, Bi Tatu keshaniletea maneno. Bora niandike, maana kwa mdomo hunipi nafasi.

Ulisema mwizi ni mwizi, na wanawake wale wafungwa waliosafirishwa na Waingereza hadi huku Tasmania, Australia, walistahili. Haya. Chukua merikebu moja tu, Rajah. Iling'oa nanga Uingereza Aprili 1841 na wafungwa wanawake 180, ikafika hapa Julai. Wengi wa waliopelekwa uhamishoni kosa lao lilikuwa wizi, nguo au visenti. Adhabu mara nyingi miaka 7, na ikiisha, nauli ya kurudi kwenu jitafutie.

Sasa sikia. Chama cha kina mama cha Elizabeth Fry, yule Mwingereza mtetezi wa wafungwa wanawake, kiliwagawia sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa, wakashona njiani humohumo. Likatoka tandiko la vipande 2,815! Kwa mkono, chombo kinayumba. Katikati kuna ndege na maua, yamekatwa kwenye kitambaa cha maua yakashonewa juu ya cheupe. Mahali pengine mshono umenyooka ungedhani cherehani, pengine umekwenda kombo, mtu ndiyo kwanza anajifunza. Chini wametarizi shukrani kwa kina mama wa chama. Jina la mshonaji hata mmoja hamna! Hapo ndipo ninapochemka.

Na huku walikuwa wakigawiwa kwa walowezi, watumishi wa ndani. Akishika mimba anarudishwa gereza la Cascades, mtoto akishaachishwa ziwa anatengwa naye, baadaye nyumba ya mayatima, na mama yu hai. Baba je? Usiniulize. Nimepita pale, kuta bado zimesimama, bondeni, jua lenyewe la kubahatisha. Ningekusimulia zaidi lakini utasema nakuliza kwa makusudi.

Turudi kwenye tandiko. Liko jumba la sanaa la taifa, Canberra, halitolewi ovyo. Nitakutumia picha, nawe fundi uniangalizie ile mishono. Unaweza kutambua mikono mingapi? Nani aliingia chomboni tayari anajua kushona? Wewe ungekubali kutarizi shukrani bila jina lako? Mguu wa Bi Tatu unaendeleaje? Yule binti wa kibandani amerudi, au ndiyo kaolewa? Na mimi bado umeninunia?

Wako,
Saumu