Kwa Asya, kuhusu madirisha ya Wete

Shoga yangu Asya,

Assalamu alaykum. Natumai nyote hamjambo, na mama mguu umepoa. Huku Unguja sote wazima, ila joto hilo, usiseme. Zuhura alipita jana akaniambia nyumba yenu imeshafika madirisha, na fundi anakushawishi ubandike ile karatasi ya vioo inayong'aa, nyumba nzima, ili wapita njia wasione ndani. Nimeona nikuandikie leo leo.

Ile ya kung'aa, bibie, ni stara ya mchana tu. Jua likiwa nje, anayechungulia hujiona mwenyewe. Ikishaingia Magharibi ukawasha taa, mambo hugeuka: wewe ndiye unayejiona kiooni, na aliye nje kizani anakuona mpaka maua ya kanga. Wifi yangu wa Kiembesamaki alikuwa akikaa sebuleni usiku kichwa wazi, moyo umetulia, mpaka siku mtoto wa jirani alipomsifia msuko wake. Alilia, wallahi.

Chukua ile ya ukungu. Hiyo inaficha mchana na usiku, na ukisimama karibu na kioo taa ikiwaka, huonekana kivuli tu. Choo kibandike kioo kizima. Chumbani mimi nimebandika nusu ya chini, yenye michoro ya majani meupe, juu nimeacha wazi. Unakumbuka tangu yule jirani apandishe ghorofa na roshani yake ikaelekea kwetu? Mapazia kutwa yamefungwa, taa inawaka saa nne asubuhi! Sasa mwanga unaingia, na nikilala naona makuti ya mnazi na mbingu.

Lakini ukisukuma kioo upate upepo, na karatasi imekwenda nacho. Kaskazi hii nani atajifungia? Kwa hiyo mapazia usiyatupe. Wazee wa Mji Mkongwe waliliona hili zamani: yale madirisha yao ya mbao yana vibao vya mshazari, upepo unapita na jicho linabaki nje. Ukimpata seremala mzuri, kwa chumba cha kulala ningekuambia uanze na hayo, karatasi baadaye.

Na wasibandike bado wanasugua sakafu. Punje moja ya vumbi ikinasa chini inafanya kipovu, na haitoki. Kioo kioshwe, kirowanishwe kwa maji yenye tone la sabuni, karatasi ilazwe, halafu maji yasukumwe kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu.

Mimi naweza kukutafutia sokoni Darajani. Nitumie vipimo vya kila kioo, uongeze sentimita 2 kila upande, za kukata kwa wembe. Atakayekuja nayo kwenye boti aishike imeviringishwa, asiikunje, maana mkunjo haufutiki.

Haya niambie: vioo vyenu ni vya kusukuma au vya kufungua nje? Madirisha mangapi yanatazama barabara? Umeshamlipa fundi chochote? Mama amekubali kuhamia, au bado anang'ang'ania kwake? Na harusi ya Mwanakhamis, ni kweli imesogezwa mpaka baada ya Idi, au Zuhura kasikia vibaya?

Shoga yako,
Rukia