Kiungo bandia cha taya kisiaminiwe kwa picha ya kompyuta pekee

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha picha ya kiungo bandia cha taya, yaani kile kinachowekwa mahali taya la chini linapoungana na fuvu, iliyopakwa rangi na kompyuta kuonyesha mkazo (nguvu inayobebwa na kila eneo dogo): bluu penye mkazo mdogo na nyekundu penye mkazo mkubwa, na chini yake mkaandika kwamba kiungo hicho "kimethibitika kuwa imara". Nina shaka na neno hilo "kimethibitika".

Kazi yenyewe naiheshimu. Picha za siti-skani za mgonjwa hugeuzwa kuwa taya la kidijiti, kisha taya hilo hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo, na kompyuta hukokotoa mkazo wa kila kipande. Kwa njia hiyo mbunifu anaweza kubadilisha idadi ya skrubu zinazoshikiza kiungo kwenye mfupa na mahali pa kuzifunga kabla mtu yeyote hajafanyiwa upasuaji.

Lakini hesabu hiyo hutegemea yale aliyoyaweka mwenye kuikokotoa. Mara nyingi mfupa huchukuliwa kuwa na ukakamavu (ugumu wa kupindika) uleule pande zote, ilhali mfupa wa taya hauko hivyo, na skrubu huhesabiwa kana kwamba zimegandana na mfupa tangu siku ya kwanza. Misuli nayo hupewa nguvu za mtu mwenye afya, ingawa mgonjwa anapowekewa kiungo kamili kichwa cha taya huondolewa, msuli unaokivuta mbele hupoteza mshiko wake, na taya upande huo hubaki likizunguka tu bila kuteleza. Zaidi ya hayo, aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromiamu inayotumika kutengenezea viungo hivi ina ukakamavu wa zaidi ya gigapaskali 200, karibu mara kumi ya ule wa mfupa mgumu wa nje. Kwa hiyo chuma hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mfupa ulio jirani, ukikosa kazi, unaweza kupungua.

Kinachonitia hofu hasa ni kwamba modeli ya namna hii kwa kawaida hukokotoa ung'ataji mmoja tu. Vipandikizi vya taya vya Proplast na Teflon, yaani vya plastiki, vya kampuni ya Vitek, walivyowekewa wagonjwa wa Marekani katika miaka ya 1980, viliharibika kwa kusagika kidogo kidogo chini ya kutafuna kwa kila siku. Chembe zake ziliuchochea mwili kuzishambulia, mifupa ya taya ikaliwa, na wagonjwa wengi wakaishi na maumivu makali hata baada ya vipandikizi kuondolewa. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilitoa tahadhari mwaka 1990, wakati wengi walikwisha kuumia. Picha ya mkazo wa ung'ataji mmoja isingeonyesha chembe hata moja ya hizo.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, mtakapochapisha tena picha kama ile, muweke kando yake kipimo cha rangi, nguvu ya kung'ata iliyotumika na sifa za mfupa zilizodhaniwa, na mseme wazi kama kiungo hicho kimekwisha kujaribiwa kwa msuguano kwenye mashine, kwa mamilioni ya mizunguko, na kama kuna wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa vifaa tiba, Morogoro