Nesi, usiishie kwenye mizani: uliza mtoto anabaki na nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu nistaafu. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, mingi katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini mkoani Njombe, na muda wangu mwingi ulikuwa kwenye kliniki ya mama na mtoto. Nimepima watoto wasiohesabika kwa ile mizani ya kuning'inia: mtoto kavalishwa kaptula ya kitambaa, analia, mama kamshika kidole cha mguu akimbembeleza, nesi anasubiri mshale utulie. Ukitulia, unaweka nukta kwenye kadi, unasema "mpe chakula bora", unaita mwingine.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Viazi vinavyokaangwa chipsi Dar es Salaam vingi vinatoka kwetu, mahindi yetu yanavuka mipaka, parachichi zetu zinapanda meli kwenda Ulaya. Kila takwimu hizi zinapotoka nasikia maneno yale yale redioni na kwenye mikutano: watu wa nyanda za juu wanauza kila kitu, hawajui kula, kina mama hawajui kupika. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu na mimi nimewahi kuyasema, tena nikiwa nimevaa sare nyeupe.

Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Alikuja mama na mtoto wa miezi 14. Kwenye kadi, mstari wa uzito ulikuwa umelala kwa miezi mitatu, haupandi. Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Akataja viazi, ugali, maharage, mboga za majani, na maziwa ya jirani siku moja moja. Chakula kipo. Basi nikamgombeza mbele ya wenzake waliojaa kwenye benchi, kwamba chakula anacho lakini mtoto hampi. Hakujibu kitu. Alifunga mtoto mgongoni akaondoka.

Mwezi uliofuata mama hakuja. Alikuja binti wa miaka minane hivi, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge, kadi ipo ndani ya mfuko wa nailoni. Mama yuko kwenye kibarua cha viazi, akasema, na mwenye shamba halipi nusu siku. Nilikuwa naelekea kumrudisha akamwite mama yake, lakini foleni ilikuwa fupi siku ile, nikamkalisha.

"Mwanangu, mchana unampa nini mdogo wako?"

"Uji, nesi. Mama anauacha kwenye chupa asubuhi."

"Akiukataa je?"

"Nakunywa mimi."

Alijibu bila woga, kama mtu anayesema jambo la kawaida tu. Naye alikuwa na njaa. Mama anatoka alfajiri, anarudi jua likizama, na kati ya hapo kuna chupa moja ya uji uliopoa, watoto wawili, na mlezi ambaye mwenyewe alipaswa kuwa darasa la pili. Nikamtazama yule mdogo. Nilichukua kopo la dawa lililokwisha, nikatia punje za maharage, nikalitikisa kando ya sikio lake. Aligeuka, lakini polepole. Hakunyoosha mkono kulichukua. Wala hakutoa sauti yoyote, na mtoto wa miezi 15 angekuwa anaita "mama" na kunionyesha anachokitaka kwa kidole. Kadi yangu haikuwa na mahali pa kuandika hayo yote. Ilikuwa na mahali pa nukta ya uzito tu.

Tangu siku ile nimeamini kwamba swali la kwanza kliniki si "mtoto anakula nini", ni "mchana mtoto anabaki na nani". Chakula kilichomo ndani ya nyumba hakifiki chenyewe tumboni mwa mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ndiyo maana kuanzia miezi 9 mpaka 24 anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, na kitu kidogo katikati, pamoja na maziwa ya mama. Hawezi kusubiri ugali wa jioni. Tena lazima awepo mtu wa kumlisha: wa kukaa naye, kumsemesha, kusubiri ameze, kumrudia akigeuza uso. Kazi hiyo inachukua nusu saa, mara nne kwa siku. Mama aliye shambani hana nusu saa hiyo, na wakati wa kilimo ndio huo huo wakati wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambapo hata watu wazima wanaobaki nyumbani wengine hawako katika hali ya kumlisha mtu.

Kuna jambo lingine nalisikia sana: "Sisi ukoo wetu ni wafupi tu." Nimeambiwa hivyo na wazazi, na wauguzi wenzangu pia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vipya vya ukuaji mwaka 2006, lilikuwa limewafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wakiwa wamenyonyeshwa vizuri na kutunzwa ipasavyo. Mpaka kufikia miaka mitano, urefu wao ulikaribiana sana. Mtoto wa Ghana na mtoto wa Norway! Ukoo una nafasi yake, lakini hauwezi kufupisha nusu ya watoto wa mkoa mzima. Na udumavu hauonekani kwa mizani ya uzito, unaonekana kwa ubao wa kupimia urefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu kabisa, akaning'inizwa, nukta ikakaa kwenye rangi ya kijani, akarudi nyumbani kasifiwa.

Naomba nizungumzie na akina baba, kwa sababu hapa sisi wahudumu tumekosea kwa nia njema. Tulitaka wanaume waje kliniki, na kweli tunawahitaji: hapa Njombe, utafiti wa Ukimwi wa 2022/23 ulikuta watu wazima karibu 13 kati ya 100 wanaishi na virusi, na kumpima mama peke yake hakutoshi. Basi katika vituo vingi mama aliyekuja na mwenzake akahudumiwa kwanza, na aliyekuja peke yake akaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji kueleza mume yuko wapi. Nimeona wasichana wakikaa nje ya uzio mpaka saa nane wakiona haya kuingia. Wengine hawakurudi hadi siku ya uchungu. Wanaume wenyewe walikuja mara moja, wakapimwa damu, hatukuonana tena, kwa sababu hatukuwa tumewaandalia kazi nyingine yoyote. Hakuna aliyemwambia baba kwamba kupunguza safari za mkewe za kuchota maji na kuokota kuni ni sehemu ya lishe ya mtoto wake. Hakuna aliyemfundisha kumsemesha mtoto wa miezi miwili. Wengi waliniambia, "Nesi, huyu bado hasikii kitu." Anasikia tangu akiwa tumboni.

Bibi naye tunamsahau. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini binti akirudi darasani, mtoto anabaki kwa bibi, na masomo yetu yote ya unyonyeshaji tuliyompa binti yanabaki kichwani mwa mtu ambaye hayupo nyumbani mchana. Bibi ndiye anayeamua maji yaanze lini, uji uwe mzito kiasi gani, mtoto akiharisha apewe nini. Nimewahi kuwaita mabibi sita peke yao chini ya mti, tukasalimiana kamwene, salamu ya kwetu, tukapika uji pamoja: unga, karanga zilizosagwa, maziwa, mzito mpaka usidondoke kwenye kijiko. Mmoja akasema kwa miaka yote ya kuhudhuria kliniki na watoto wake na wajukuu, hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anafanyaje. Walinifundisha nyimbo tatu za kubembelezea ambazo sikuzijua, na nilizitumia mpaka nastaafu, maana mtoto anayeimbiwa huku akitazamwa machoni ananyamaza, anajibu kwa sauti yake, anajifunza lugha.

Siwalaumu wauguzi walio kazini. Siku ya chanjo nesi mmoja anaweza kukuta kina mama 60 kwenye benchi, na mbele yake ana rejista, kadi, jokofu la chanjo na taarifa ya mwisho wa mwezi. Hayo yote yanakaguliwa. Mazungumzo hayakaguliwi, basi mazungumzo ndiyo yanayokatwa. Na akisoma chuoni kwamba mtoto ni mwili, akili, familia na jamii yake, akifika kituoni anapewa mizani.

Mipango ya nchi ipo, tena mizuri. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayotaka mtoto wa miaka 0 mpaka 8 apate kwa pamoja afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi anamsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Halmashauri zimeagizwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Mwaka 2024 ukazinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Hawa wa mwisho ndio matumaini yangu makubwa, kwa sababu wao wanaingia uani. Mhudumu akifika nyumbani saa sita mchana atamkuta yule binti wa miaka minane na chupa yake ya uji, jambo ambalo mimi kliniki nililikuta kwa bahati.

Ninachoomba ni vitu vichache ambavyo havihitaji wafadhili. Kadi ya mtoto iwe na mstari wa kuandika nani anamlea mchana, na jibu likiwa ni mtoto mwenzake, ofisi ya ustawi wa jamii ya kata ipewe taarifa ifike nyumbani kusaidia, isije na vitisho. Barua za mwenyekiti zikome kabisa. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, ihamishiwe karibu na mashamba wakati wa mavuno, na mabibi na akina baba waitwe kwa jina lao. Vijiji vyenye vibarua wengi vianzishe mahali pa kulelea watoto mchana, hata banda moja lenye kivuli, jiko, na akina mama wawili wanaolipwa kutokana na ile shilingi 1,000 na michango ya wenye mashamba. Mwenye shamba anayevuna malori ya viazi kwa mikono ya kina mama wanaonyonyesha anaweza kutoa gunia moja na kuni.

Na madiwani wetu, watakapokaa kupanga bajeti, waulize kila zahanati ya kata yao kama ina ubao wa kupimia urefu. Wakijibiwa upo, waombe kuuona. Katika kituo changu cha mwisho ulikuwepo, mpya, umeegemezwa nyuma ya mlango wa stoo, na nailoni yake haijatolewa.

Muuguzi mstaafu,
Njombe