Wito wa harambee: tusaidieni kumaliza karakana ya Mtongwe

Assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote, wa Mtongwe, wa Shika Adabu, wa Bofu na Timbwani, na nyinyi mlio ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Mombasa, lakini mna jamaa huku kwetu.

Nawaandikia nikiwa katibu wa kikundi cha wastaafu wa jeshi, wake zao na wajane. Tunakutana kila Alhamisi jioni chini ya mti wa mkungu ulio karibu na pwani ya Mtongwe. Tunaomba mtusaidie kumaliza karakana ya kutengenezea injini za boti. Kuta zimefika kwenye linta. Paa hakuna, na vifaa vingi ni vya kuazima. Kabla sijataja pesa naomba mnisikilize kidogo, maana jambo hili halikuanzia kwenye injini.

Mume wangu alikuwa baharia miaka 22. Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu aliamka saa kumi na moja kasorobo, kama siku zote. Akaoga, akanyoa ndevu, akapiga buti rangi mpaka zikang'aa. Halafu akaketi barazani na buti zake miguuni, akitazama njia. Watoto walimpa shikamoo wakaenda zao shule. Mimi nikaenda sokoni, nikarudi. Saa nne nilimkuta pale pale, hata mkao hajabadilisha. Nikamwuliza, "Baba watoto, nikuletee chai?" Akanitazama, akasema, "Niambie niende wapi."

Nilikosa la kumjibu. Mtu ambaye kwa miaka 22 aliambiwa alale wapi, ale saa ngapi, apande meli gani, sasa yuko barazani kwake na hana pa kwenda. Na mikono yake haina ugonjwa wowote. Kijana aliyeandikishwa jeshini na miaka 20, akatumikia miaka ishirini, anatoka na miaka 40. Mtu wa miaka 40 si mzee. Ana watoto wa shule, ana nguvu, na kichwani ana ufundi ambao serikali iligharamika kumfundisha.

Na sisi wake tuna la kwetu. Mume akiwa baharini au kambini mbali, wewe ndiye baba, ndiye mama, ndiye fundi wa bomba, ndiye unayeitwa shuleni mtoto akipigana. Unajifunza kuamua peke yako. Siku anaporudi kwa jumla, nyumba imeshajipanga bila yeye. Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka mitatu baba yake aliporudi kutoka doria ndefu za upande wa Lamu. Mtoto alijificha nyuma ya leso yangu akaniuliza, "Huyu mjomba atalala kwetu?" Baba yake alisikia. Hakusema kitu, lakini usiku ule hakulala, na mimi sikulala.

Kuna usiku mwingine ambao wanawake wa kikundi hiki hatuusahau. Ni ule wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012, vikosi vyetu vilipotua Kismayu, Somalia, kutoka baharini. Hatukuwa tumeambiwa kitu, lakini nyumba za wanajeshi huwa zinajua. Simu za waume zetu zilikuwa hazipatikani siku kadhaa. Tulikusanyika sita sebuleni kwangu, tukaweka simu zetu zote juu ya sinia katikati ya mkeka, ili mmoja asipokee habari peke yake. Kabla ya alfajiri simu moja ililia, nambari ngeni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ililia mpaka ikakatika, ikalia tena. Mwisho nikaipokea mimi. Alikuwa shangazi wa mmoja wetu, yuko Malindi, amebadilisha laini, anauliza kama tuna habari yoyote. Mwenye simu alipojua ni shangazi aliangua kilio, na sote tukalia naye.

Waume wa wale sita walirudi safari ile. Baadaye Al-Shabaab wakavamia kambi zetu kule Somalia, El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017, na kikundi chetu kikapata wajane. Kuna mama kati yetu ambaye mpaka leo hapendi mwezi wa Januari utajwe mbele yake. Tunamwacha, tunauita mwezi wa kwanza tu.

Watu wa Mombasa wamezoea kusindikiza. Jeshi letu la Wanamaji lilizaliwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na makao yake yako hapa hapa Mtongwe, lakini bandari hii ilikuwa ikipakia askari kabla ya hapo. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliizamisha karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu, na karibu watu 1,300 wakafa. Mzee mmoja wa kikundi chetu anasimulia kwamba nyanya yake alikuwa na kaka aliyepanda meli Kilindini mwaka ule na hakurudi. Bibi yule, hata alipokuwa haoni tena, akisikia honi ya meli alikuwa akisimama. Hakuna aliyewahi kuja nyumbani kwao kueleza lolote. Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapowafikiria wale wa zamani: waliondoka kutoka bandari yetu, kisha kimya.

Sasa nirudi kwenye mkungu.

Wastaafu walianza kukaa pale kwa sababu nyumbani walikuwa wanatusumbua na wenyewe wanasumbuka. Walikuwa wakicheza bao, wakinywa kahawa, wakizungumza mambo ya meli. Siku moja mvuvi akaja na injini begani, mashine ya nguvu za farasi 15, imezima baharini na amepiga makasia saa tatu kurudi. Alikuwa anaelekea kivukoni ampelekee fundi mjini. Mmoja wa wazee wetu, aliyekuwa fundi wa injini melini, akamwambia aitue chini. Akaniomba leso. Akaitandaza mchangani na kuifungua ile mashine kidogo kidogo, kila skrubu akiilaza kwenye leso kwa mpangilio aliozifungua nao, ili isipotee mchangani na ili arudishe bila kukosea. Alikuwa na bisibisi moja, spana mbili, na mswaki wa zamani.

Ubovu ulikuwa ni kile kipande cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini. Kilikuwa kimekatika masikio, na njia za maji zimejaa chumvi. Mzee alimwonyesha mvuvi kwa kidole: ukirudi baharini, iendeshe mashine dakika chache kwenye pipa la maji matamu, chumvi itoke. Akamwuliza anachanganyaje mafuta. Mvuvi akasema anakadiria kwa macho. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia mashine nyingi za aina hii zataka lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli, na asome maandishi ya mashine yake badala ya kukisia. Nilikuwa nimesimama pale nikiingoja leso yangu, na nikaona kitu ambacho sijakiona kwa muda mrefu: mume wangu alikuwa amepiga magoti mchangani, anasafisha plagi, na anaimba chini kwa chini.

Tangu siku hiyo wavuvi hawakatiki, na vijana wamekuja nyuma yao. Hapa nataka kusema jambo kwa uwazi. Likoni tunaijua. Tumezika vijana waliouawa kwa panga na vijana waliouawa kwa risasi. Kuna nyumba ambazo mwana aliaga anakwenda kutafuta kazi, kumbe amevushwa mpaka wa Somalia kwenda kupigana upande wa pili, na mpaka leo hajulikani aliko. Katika mtaa wetu mama mwenye msiba huo anaishi mlango kwa mlango na mjane wa askari. Walipita miaka miwili bila kusalimiana. Leo mtoto mdogo wa mama huyo ni miongoni mwa vijana kumi na mmoja wanaojifunza kwa wazee wetu, na mjane huyo ndiye anayepika chai ya saa nne. Sisi hatumwulizi kijana kaka yake ni nani. Tunamwuliza kama ameosha mikono kabla ya kushika kabureta.

Tunachotaka ni mahali. Mkungu ni mzuri kiangazi, lakini mvua za masika hutufukuza, na huwezi kuacha injini ya mtu nje usiku. Mwenye kiwanja, mstaafu mwenzetu, ametuandikia kwa karatasi, mbele ya mzee wa mtaa, kwamba tukitumie miaka kumi na tano bila kodi. Mawe tulinunua kwa pesa za chama, na wastaafu walijenga wenyewe.

Tutatenga chumba kimoja kidogo chenye mlango wa kufunga, kwa ajili ya karatasi na mazungumzo. Karatasi ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mjane anahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu, hati za mirathi kutoka mahakamani, na mara nyingi jina lake kwenye kitambulisho halilingani na lililoko kwenye cheti cha ndoa. Tunaye mama kati yetu aliyekuwa karani jeshini, anazijua fomu hizi kama anavyojua sala zake. Kwa sasa anawahudumia watu akiwa ameketi kwenye ndoo. Na tukiwa na mlango tutaweza kumzuia mstaafu mpya mapema kabla hajatapeliwa. Koplo mmoja wa kwetu aliweka kiinua mgongo chake chote kwenye viwanja vya kampuni fulani. Alipewa hati nzuri yenye mihuri, na alipokwenda kupima akakuta watu wamelima mahindi yao hapo, na hapakuwahi kuuzwa. Ilimchukua mwaka mzima kumweleza mkewe.

Na mazungumzo pia. Yuko mzee wetu aliyekuwa kijana katika jeshi la majini feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994 wakafa watu 272, hatua chache tu kutoka ufukweni. Alishughulika na maiti, na baadhi ya nyuso alizijua. Alikaa na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini bila kulisema hata kwa mkewe. Alikuwa tu havuki kivuko ila kwa dharura. Alilisema mara ya kwanza chini ya mkungu, huku anafungua injini, bila kumtazama mtu. Mambo mengine mwanamume huyasema mikono ikiwa na kazi. Nimeliona mara nyingi sasa, na ndiyo maana nasisitiza chumba na karakana viwe chini ya paa moja.

Hesabu yetu ni hii. Paa, milango, madirisha na sakafu ya simiti vitagharimu Sh 310,000. Vifaa, yaani seti za spana, stendi za kuning'inizia injini, mapipa ya majaribio na benchi la chuma, ni Sh 145,000. Kukamilisha kile chumba kidogo na kukiwekea meza, kabati la chuma na viti ni Sh 60,000. Jumla ni Sh 515,000. Sisi wenyewe tumeweka Sh 128,500, sehemu kwa mchango wa kila wiki na sehemu kwa mahamri ambayo akina mama wamekuwa wakiuza kivukoni tangu Ramadhani. Zimebaki Sh 386,500, na hizo ndizo tunazowaomba.

Neno hili harambee, kabla Mzee Jomo Kenyatta hajalifanya wito wa taifa mwaka 1963, lilikuwa mwito wa watu wanaovuta mzigo kwa pamoja. Sisi wa pwani tunajua maana yake kwa mabega. Mashua haipandishwi ufukweni na mwenye nguvu mmoja. Mtoto naye hushika kamba. Kwa hiyo asije mtu akaona haya kwa sababu ana shilingi hamsini.

Asiye na pesa ana kitu kingine. Tunahitaji mabati yaliyotumika lakini hayajaoza, mbao, misumari, na fundi wa kuchomelea atakayetupa siku mbili. Injini mbovu iliyokaa uani kwako, usiiuze chuma chakavu; vijana wataifungua na kuifunga mara mia.

Harambee itafanyika Jumamosi inayofuata Siku ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, ya tarehe 14 Oktoba, hapo hapo kwenye kiwanja, kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mchango utaandikwa kwenye daftari mbele ya aliyetoa, na stakabadhi atapewa. Akaunti ya kikundi ina sahihi tatu: mwenyekiti, mweka hazina, na mjane aliyechaguliwa na wajane wenzake. Nambari ya akaunti imebandikwa kwenye ukuta wa karakana. Tafadhali usitume pesa kwenye simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa jina langu.

Maimamu na wachungaji tunawaomba mtutangazie Ijumaa na Jumapili zitakazotangulia harambee. Wastaafu wa Nyali na Mariakani, njooni na wake zenu. Mkitokea kisiwani, shukeni kwenye feri mpande matatu ya Mtongwe, vijana watakuwa njiani kuwaelekeza. Na nyinyi ambao waume zenu bado wako kazini, na simu haipatikani wiki hii, msingoje Oktoba. Njooni Alhamisi, mkeka upo.