Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: wauza vikapu wa barabara kuu wapewe pa kusimama

Mheshimiwa Waziri,

Salaam nyingi kutoka Bagamoyo. Mimi ni msusi wa ukili, ule mkanda unaosukwa kwa majani ya ukindu, kazi niliyorithishwa na bibi yangu. Majuzi nilikuwa Iringa kwenye kambi ya ususi iliyotukutanisha wanawake wa Pwani na wa Nyanda za Juu Kusini. Sisi tuliwaonyesha namna ukili unavyoshonwa ukawa mkeka, wao wakatufundisha kikapu cha milulu, majani yanayoota majimajini. Kambi ilipovunjwa nikarudi na shoga yangu kwa gari lake, na yale niliyoyaona njiani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana yanahusu ukingo wa barabara ya TANZAM, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Hapo ndipo wanawake wenye kazi kama yangu wanapofanyia biashara.

Tulipoipita Ilula, kabla ya kuanza kuteremka mlima Kitonga, tulimkuta mama mmoja kapanga vikapu vyake juu ya kanga, hatua chache tu kutoka mstari mweupe. Vikubwa chini, vidogo juu, na nyungo mbili zimeegemezwa kwenye jiwe. Mbele yetu gari dogo lilipunguza mwendo bila kusimama sawasawa. Dereva akashusha kioo, akauliza bei, akataja yake, na kwa kuwa basi lilikuwa linampigia honi kwa nyuma, mama akakubali palepale. Kikapu kikaingia dirishani, noti ikatoka, gari likaondoka. Sidhani kama yule mnunuzi aliona hata kitako cha kikapu alichonunua.

Shoga yangu akawasha indiketa, akatafuta pa kuegesha. Hapakuwapo. Bega la barabara lilikuwa jembamba na limeliwa na maji ya mvua, kwa hiyo tairi mbili zikabaki juu ya lami, tukawasha hazadi. Nikashuka, nikamwamkia mama. Hajamaliza kuitikia, likapita lori lenye trela na upepo wake ukavizoa vikapu vya juu. Kimoja kikabingirika hadi katikati ya barabara, naye mama akakikimbilia. Shoga yangu alipiga ukelele, mimi nikamdaka mkono. Gari lililofuata likakikanyaga.

"Pole mama," nikamwambia.

"Tumeshazoea, mwanangu," akajibu, akaanza kuvipanga upya.

Nilikwenda kukiokota kile kilichokanyagwa. Kitako kilikuwa kimepasuka, lakini ubavuni bado kilikuwa kimebana, huwezi kupenyeza hata ncha ya sindano. Nilijua maana yake, kwa sababu kambini tulikuwa tumefundishwa na vidole vikatuuma. Milulu hukatwa majimajini, ikaanikwa juani, ikachambuliwa nyembamba na nene, ikalowekwa tena ili isikatike. Kikapu huanzia kitakoni na kupanda kwa kuzunguka, na mkono ukilegea mzunguko mmoja tu, chombo chote kinakwenda upande. Yule mama alikuwa fundi, Mheshimiwa. Fundi wa kiwango hicho analazimika kuuza kazi yake kwa mtu ambaye hawezi kushuka garini kuishika.

Hili ndilo ninaloomba ulitazame. Watu wakizungumzia wauzaji wa barabarani huzungumzia ajali, na ni kweli, maisha ya watu kwanza. Lakini kukosa pa kusimama kunashusha na bei. Mteja asiyeweza kuegesha haulizi kikapu kimesukwaje, halinganishi viwili, hachagui. Anataja anachotaka, na muuzaji anakubali kwa sababu honi inalia. Vikapu hivihivi vikifika kwenye maduka ya watalii mjini vinauzwa kwa bei ambayo aliyevisuka hajawahi kuishika mkononi.

Najua sheria inasemaje. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayejenga kibanda humo anawekewa X, na muda ukifika kinabomolewa. Sipingi. Barabara lazima ipanuliwe siku moja, na kibanda kilichosogelea lami ni hatari kwa aliye ndani na kwa dereva. Ila eneo hilo tayari liko mikononi mwa Serikali. Sehemu chache zilizochaguliwa vizuri zinaweza kuwa maegesho yaliyochepushwa kutoka barabarani, na mabanda yakawekwa upande wa ndani, mbali na magari yanayopita. Hapo huyu mama hatakuwa mvamizi tena.

Ushahidi kwamba watu watasimama upo njia ileile. Ruaha Mbuyuni, chini kwenye joto na mibuyu, vitunguu vimepangwa barabarani na wasafiri wanashuka wenyewe, wanapapasa, wanabishana bei, wanapakia kwenye buti. Tulishuka na sisi. Nilimwona kijana akimwonyesha mteja namna ya kukitambua kitunguu kilichokauka shingo, kile kitakachokaa stoo bila kuoza. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani gari likiwa linatembea.

Kisha kuna suala la choo, na naomba nilitaje waziwazi. Sisi wanawake tukisafiri tunaanza kupunguza maji tangu asubuhi, kwa sababu tukibanwa njiani ni kuchimba dawa tu, kichakani, abiria wengine wakiwa wanakuona. Wazee na wajawazito inawaumiza zaidi. Halafu ukiingia Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na humo hushuki, kuna tembo na simba. Kwa hiyo kituo kabla ya hifadhi na kingine baada yake si anasa. Siku ile tuliwaona twiga karibu kabisa na lami, shoga yangu akapunguza mwendo hadi wakavuka wote, lakini kusema kweli mimi nilikuwa nahesabu mabango ya kilomita nikiomba tufike Doma.

Wenzetu Wajapani walianza mwaka 1993 kujenga vituo vya barabarani wanavyoviita michi-no-eki, na leo vimepita 1,000. Msafiri anakuta maegesho na choo kilicho wazi saa 24, na palepale wakulima na mafundi wa eneo hilo wanauza mazao na kazi zao za mikono. Barabara inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo kila siku haishindwi kuwa na vituo vitatu vya kuanzia.

Ningependekeza viwe karibu na Ilula kabla ya mteremko wa Kitonga, Ruaha Mbuyuni, na Doma ukishatoka hifadhini. Visiwe majumba makubwa. Pawe na njia ya kuingilia na ya kutokea ambazo lori na basi vinaweza kuzitumia, maji, choo kinachosafishwa, taa, na mabanda yenye paa. TANROADS, wakala wa barabara, wasimamie maegesho, halmashauri isimamie mabanda. Na jambo hili naomba liandikwe kabisa kwenye masharti: mabanda wapewe wanaosuka na wanaolima wa vijiji vya hapo. Tukiacha wazi, watayachukua wenye mitaji na kuleta bidhaa za plastiki kutoka mjini.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, na wasusi wengi wako kwenye vikundi. Lakini mkopo unarejeshwa kwa mauzo, na mauzo yanataka mahali ambapo mteja anaweza kuzima gari.

Bunge la Bajeti likikaa Dodoma utasoma makadirio ya wizara yako. Naomba vituo hivi vitatu viwemo, hata kama mwaka wa kwanza ni fedha za usanifu na kupima maeneo tu. Na wahandisi wako watakapokwenda kupima, wakae kwanza na wauzaji wa pale. Wao ndio wanaojua lori linapokosa breki huangukia upande gani, na mvua ya masika maji hupitia wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msusi wa ukili, Bagamoyo