Madaktari wa mifugo nao huchoka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee madaktari wa mifugo wa jiji hili, ambao uchovu wao hauzungumzwi. Mfugaji wa Chanika anapopoteza banda zima la kuku kwa mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa kasi, mara nyingi hupoteza pia mtaji wa mkopo, na daktari aliyeitwa kwa kuchelewa hurudi nyumbani amebeba lawama isiyo yake. Usiku hukosa usingizi akijiuliza iwapo dozi ilikuwa sahihi, au iwapo mtoto aliyeng'atwa na mbwa alipelekwa kuchanjwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua.

Nimeyapitia hayo. Kilichonisaidia ni kuandika daftarini kila wazo linalonisumbua, kisha asubuhi kulilinganisha na kumbukumbu za matibabu. Mara nyingi, nawaambia hasa wenzangu vijana, hofu yangu haikuwa na ushahidi wowote. Hata hivyo, daftari halimtoshi mtu anayepigiwa simu usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu huu kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa, wala haliuiti ugonjwa. Kwa hiyo nawasihi wenye kliniki wapange zamu za usiku, na wafugaji watuite kuku wa kwanza anapozubaa.

Daktari wa mifugo,
Dar es Salaam